Nilikuwa nasema njano

Mi sio daktari wala nesi, ni mama tu. Mwanangu wa pili ameumwa tumbo tangu mchanga mpaka anakaribia miaka saba, na hiyo miaka yote kila tulipoenda alipewa jina jipya la ugonjwa. Nina bahasha nzima ya karatasi za vipimo. Minyoo, amiba, gesi, UTI, taifodi, vidonda vya tumbo, tena hivi vidonda alitibiwa mara mbili, na kuna dokta mmoja simtaji alinitazama mimi, hata mtoto hakumwangalia, akasema mama huyu anadeka, punguza kumbeba. Kumbe utumbo wake ulikaa vibaya tangu akiwa tumboni mwangu, na kila alipokuwa analia ulikuwa unajinyonga.

Naandika kwa sababu juzi kuna dada kazini amenisimulia habari za mtoto wake, nikasikia nywele zinanisimama, ni kama ananisimulia ya kwangu.

Ngoja nianze na maumivu yenyewe yalivyokuwa, maana hapo ndo penye siri yote. Alikuwa anaweza kukaa wiki tatu mzima kabisa, anakula, anaruka kwenye makochi, unasahau. Halafu siku moja, mara nyingi baada ya kula, unamwona kanyamaza. Anaacha anachofanya, anapiga magoti, paji la uso chini sakafuni kama anasujudu, mikono yote miwili imeshika tumbo, jasho linamtoka juu ya mdomo hapa. Halii kwa sauti, anaguna. Ukimgusa anasema niache. Hiyo inaweza kwenda nusu saa, inaweza kwenda masaa mawili, kisha anatapika, mara moja au mbili, na akishatapika baada ya muda unashangaa anakuomba chakula. Yaani kama swichi. Sasa wewe ushavaa, ushamfunga viatu, ushafika hospitali, umepanga foleni, ukija kuitwa mtoto anahesabu vigae vya ukutani na anauliza tunarudi saa ngapi. Dokta anambonyeza tumbo, laini. Anamuuliza unaumwa? Anasema siumwi. Mimi hapo naonekana mwongo.

Na vipimo vikawa vinamuunga mkono dokta. Damu safi, mkojo safi, ultrasaundi amepigwa mara mbili na zote zimeandikwa hakuna kilichoonekana. Sikujua kwamba utumbo wa aina ile unaweza kujisokota ukajisokotoa wenyewe, na ukishajisokotoa unaweza kumpima ukakosa kitu. Miaka yote ile nilikuwa nampeleka akapimwe siku yake nzuri. Hakuna aliyenieleza hivo na mimi nisingeweza kukisia.

Nikiri na langu pia maana nisijifanye malaika hapa. Kuna asubuhi mbili nilimpeleka shule akiwa anaguna vile. Nilishaanza kuamini habari ya kudeka, maana hata baba yake alishaona ratiba, kwamba inatokea sana siku za mtihani, na mimi nikamwambia mtoto kwa ukali acha maigizo shuka kwenye gari. Akashuka. Alitembea ameinama mpaka getini na hakugeuka nyuma. Hiyo picha ya mgongo wake na begi naiona mpaka leo, sitaki kuiongelea zaidi ya hapo.

Aliyetuokoa ni nesi mmoja kijana, yuko pale mapokezi anapima joto na uzito. Uzito ndo ulimshtua, akaangalia kadi akasema mbona huyu mwaka mzima hajaongezeka hata kilo moja. Akaanza kuniuliza maswali, na kati ya maswali akauliza akitapika anatapika rangi gani. Nikajibu haraka haraka kama ninavyojibu siku zote, njano. Siku zote nilisema njano na siku zote waliandika njano wakaendelea. Huyu hakuandika. Akaweka peni chini akaniambia mama, hebu nioneshe humu ndani kitu chochote chenye rangi hiyo. Nikageuka, nikatafuta, nikanyoosha kidole kwenye pazia la kitanda cha kumpimia.

Akanyamaza kidogo. Akasema mama, hilo pazia ni kijani.

Nikaliangalia tena na kweli lilikuwa kijani, la majani kabisa. Sijui kwa nini kichwani kwangu nyongo ilikuwa njano. Nadhani tumezoea kusema ametapika nyongo, na ukisema nyongo kichwa kinakuletea njano, na mdomo unasema njano hata kama macho yaliona kingine. Tena beseni letu la kutapikia lilikuwa jekundu, kwenye jekundu rangi gani utaitambua.

Akanieleza pale pale amesimama. Nyongo inaingia kwenye utumbo chini kidogo ya tumbo la chakula, kwenye kile kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Kwa hiyo mtoto akitapika maziwa au chakula peke yake, kinatoka juu. Akitapika kijani maana yake kitu kimetoka chini ya pale nyongo inapoingia kikarudi juu, na inabidi mtu ajiulize kwa nini kimekosa njia ya kwenda mbele. Akasema mtoto mkubwa mwenye kuharisha akitapika mara nyingi sana, tumbo likishaisha kila kitu anaweza mwishoni kutoa nyongo na isiwe jambo kubwa sana, lakini kichanga akitapika kijani hakuna kusubiri kesho, hiyo ni dharura mpaka ithibitike sio, na mtoto mkubwa anayerudia rudia kijani pamoja na maumivu lazima aangaliwe na daktari wa upasuaji wa watoto. Mimi nikawa namsikiliza huku nahesabu, maana mtoto wangu alianza kutapika kijani akiwa na wiki mbili tatu hivi na niliambiwa anacheua, nikampandisha mto.

Basi akanipa kazi ya nyumbani. Nunua beseni jeupe. Likianza, angalia saa uandike. Likiisha, andika. Piga picha ya matapishi kwenye mwanga kabla hujamwaga, usione aibu. Andika kama tumbo limevimba au liko bapa, kama kapata choo, kama choo kina damu. Na likianza usisubiri liishe ndo uje, njoo nalo.

Nilikaa na beseni jeupe siku kumi na tisa. Unajua kuna ujinga fulani wa kumwombea mtoto wako asiumwe na hapo hapo moyoni unasema lakini akiumwa leo nitapiga picha.

Ikaja usiku. Saa nne kasoro alianza kuguna, nikaandika. Saa nne na robo akatapika chakula, kisha dakika chache akatapika tena, safari hii kimiminika kitupu, na ndani ya beseni jeupe hapakuwa na ubishi wowote, kijani kilichokoza kama mtu katwanga majani akayachuja. Nikapiga picha tatu. Baba yake aliyekuwa bingwa wa kusema anadeka aliangalia lile beseni, akachukua funguo bila kusema neno.

Dokta wa zamu ile usiku alikuwa mcheshi, anamtania mtoto, mpaka nilipompa simu. Akaisogeza kwenye taa, akaikuza ile picha, utani ukaisha hapo hapo. Akasema kuanzia sasa asile asinywe chochote, hata maji. Dripu ikawekwa, mpira wa puani ukapitishwa mpaka tumboni kutoa kile kinachojaa, na akampigia simu daktari wa upasuaji nikimsikia anasema ana umri karibu miaka saba, anatapika nyongo, ana historia tangu mchanga, tumbo liko laini. Ule ulaini wa tumbo miaka yote ndo ulikuwa unatuangusha, watu wanabonyeza hawakuti kitu. Nikaja kuambiwa kwamba kizibo kikiwa juu kabisa tumbo linaweza lisivimbe, halina cha kuvimbishwa maana chini hakuna kinachopita, na ukisubiri livimbe ndo uamini unaweza ukawa umechelewa.

Ultrasaundi ya usiku ule haikuonesha vizuri, gesi ilikuwa nyingi. Dokta akasema kuna alama wanayoitafuta, mishipa ya damu ya utumbo inaonekana inazungukana kama maji yanavyozunguka yakiwa yanaingia kwenye tundu la sinki, wakiiona hiyo wanajua. Kwa kuwa maumivu yalishapungua na mtoto alikuwa na nguvu zake, wakasema alfajiri wampige picha ya kumeza dawa. Ila alisema wazi, angekuwa amelegea, tumbo limejaa au anatoa damu chooni, tusingesubiri picha yoyote, tungeingia thieta moja kwa moja.

Hiyo picha ya kumeza dawa niliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo. Dawa iliingizwa kupitia mpira, nyeusi kwenye skrini, unaiona inajaza tumbo kisha inachungulia kutoka. Daktari wa picha alininong'oneza kwamba kawaida utumbo ukitoka hapo unachora kama herufi C, unapita mbele ya uti wa mgongo unavuka kwenda kushoto kisha unapanda juu karibu usawa wa tumbo. Wa mwanangu haukuvuka. Ulibaki kulia, ukashuka chini umejiviringisha kama kile chuma cha kufungulia chupa ya mvinyo. Hata mimi nisiyejua kitu niliona hapo hapaendi sawa. Miaka karibu saba, na picha yenyewe haikumaliza hata nusu saa.

Malrotesheni ndo jina lake. Utumbo haukuzunguka.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mzima, mpole, na alinieleza kwa namna ambayo mpaka leo naweza kumweleza mtu mwingine. Akasema mtoto akiwa tumboni, wiki ya sita hivi, wakati wengi wetu hata hatujajua tuna mimba, utumbo wake unarefuka kwa kasi kuliko nafasi iliyopo, kwa hiyo unatoka nje unaingia kwenye kitovu. Unakaa huko, na karibu wiki ya kumi unarudi ndani, na katika kutoka na kurudi unajizungusha digrii 270 kinyume na saa, kisha unajipachika ukutani kwa nyuma. Wengine hauzunguki, au unazunguka nusu. Nikamuuliza nilikula nini, nilikunywa dawa gani, maana hayo maswali nilishaulizwa na ndugu. Akasema hakuna ulichokula mama, hakuna ulichobeba, imetokea tu. Nililia hapo, na sikuwa nimelia usiku kucha.

Kisha akachukua shuka la kitanda. Akaniambia shika pembe hii, mumeo ashike pembe ile ya mbali, livuteni. Akashika upande wa chini akajaribu kulizungusha, likagoma, linazunguka kidogo linarudi. Akasema utumbo uliokaa sawa umeshikiliwa hivi, mshikio wake ni mpana, unaanza juu kushoto unashuka mpaka chini kulia. Sasa letini pembe zenu pamoja. Tukazileta, pembe mbili kwenye ngumi yangu moja. Akazungusha kule chini, na shuka likajinyonga lote mpaka kwenye ngumi, kama nguo unayoikamua. Akasema ndani ya hiyo ngumi yako ndo unapita mshipa wa damu unaolisha karibu utumbo mwembamba wote. Ukinyongwa kidogo mtoto anaumwa, unajifungua anapona, mnarudi nyumbani. Ukinyongwa ukabaki hivyo, ni suala la masaa utumbo unakufa.

Nilibaki nimeshika lile shuka. Mume wangu alitoka nje.

Alisema wengi wenye shida hii wanajionesha mwezi wa kwanza wa maisha, na wengine wengi ndani ya mwaka mmoja. Wanaochelewa kama wangu ndo hao wanaozungushwa kwenye majina ya magonjwa, kwa sababu nani anamwangalia mtoto wa miaka sita anayeumwa tumbo akawaza kitu cha kuzaliwa nacho.

Operesheni ilikwenda kama masaa mawili. Walimfungua upande juu ya kitovu, wakakuta umejizungusha mzunguko mmoja, rangi imeshaanza kuwa ya zambarau, wakaufungua kinyume na saa, wakaufunika vitambaa vya moto wakasubiri mpaka ukarudi kuwa wa pinki. Kulikuwa pia na kamba kamba za nyama zimepita juu ya kile kipande cha kwanza zinakibana, wakazikata, wakatanua ule mshikio. Hii operesheni inaitwa ya Ladd, kwa jina la William Ladd, daktari wa Boston kule Marekani aliyeielezea mwaka 1936, na bado ndo wanayofanya. Mi nikauliza swali ambalo nilidhani ni la kawaida, nikasema kwa hiyo sasa mmeurudisha umekaa sawa kama wa watu wengine? Akacheka kidogo akasema hapana. Hatuuzungushi, tunauacha bila mzunguko ila kwa njia salama. Utumbo mwembamba wote tunaulaza kulia, mpana wote kushoto. Ataishi hivo hivo. Na kidole tumbo wamekitoa japo kilikuwa kizima, kwa sababu sasa kingekaa upande wa kushoto, na siku kingevimba akiwa mtu mzima hakuna ambaye angewaza kidole tumbo kwa maumivu ya kushoto. Hapo nilimvulia kofia mtu aliyewaza hilo, kumlinda mtoto na dokta atakayekosea miaka thelathini mbele.

Baada ya hapo ni kusubiri ushuzi. Sitanii. Wodi ya upasuaji wa watoto mnaishi kwa kusubiri ushuzi, maana ndo dalili utumbo umeamka, na mpaka uamke mtoto hali kitu. Mpira wa puani unatoa kijani kwenye mfuko, kila asubuhi wanapima kimetoka kiasi gani na kama rangi inafifia. Wamama mkikutana bafuni hamsalimiani habari za asubuhi, mnaulizana ametoa? Siku ya nne saa kumi alfajiri mwanangu aliniamsha kwa aibu akaninong'oneza mama nimejamba. Niliita nesi kama vile nyumba inaungua.

Humo wodini ndo nilijua kwamba hayo mambo ya kuzaliwa na utumbo wenye kasoro ni ukoo mzima, na kila mmoja ana tabia zake. Kitanda cha jirani alikuwepo wa mwaka mmoja na miezi, yeye haumwi popote, anacheza, ila alijaza nepi damu, damu tele na mama yake anasema hata hakulia. Kumbe ana kifuko cha Meckel, ni mabaki ya mrija uliokuwa unaunganisha utumbo na kitovu mimba ikiwa changa, ulitakiwa uyeyuke haukuisha. Karibu asilimia 2 ya watu wote wanacho na wengi wanazeeka nacho wala hawajui. Shida ni kwamba ndani yake wakati mwingine kuna ngozi ya aina ya tumbo la chakula, inatoa asidi mahali ambapo hapakuumbwa kwa asidi, inachoma utumbo wa pembeni, damu inatoka. Wakakikata akaruhusiwa kabla yetu.

Kuna binti mkubwa kidogo naye alikuwa na uvimbe tumboni, huko walikotoka walidhani ni ovari. Alipofunguliwa ikaonekana ni kipande cha utumbo kilichojirudufu, yaani kama mfuko wa pili umeota umegandamana na utumbo wake. Mama yake aliudhika kwa nini hawakutoa ule mfuko tu wakaacha utumbo, mpaka akaelezwa kwamba viwili hivyo vinatumia ukuta mmoja na mishipa ileile, ukitoa kimoja unakata na kingine. Na wa mwisho pale dirishani alikuwa kichanga ambaye hakupata choo cha kwanza mpaka siku ya tatu. Nilijifunza kwamba kichanga aliyetimiza miezi kawaida anatoa kile choo cheusi ndani ya masaa 24, akifika 48 bila kitu watu wanaanza kuuliza maswali, na moja ya maswali ni ugonjwa wa Hirschsprung, kwamba mwisho wa utumbo umezaliwa bila zile seli za fahamu zinazouambia legea, kwa hiyo umebana muda wote. Inampata kama mtoto 1 kati ya 5000. Wanakata kinyama kidogo wanakiangalia kwenye darubini wakitafuta hizo seli.

Na kulikuwa na mmoja wa ugonjwa kama wetu kabisa. Siku tano tangu azaliwe. Alitapika kijani siku ya pili, wakaambiwa amemeza maji ya uzazi, atasafisha. Walipokuja kufungua sehemu kubwa ilikuwa nyeusi. Kilichobaki hakitoshi kunyonya chakula, akawa analishwa kwa mshipa. Mama yake alikuwa anakamua maziwa kila masaa matatu, anayaandikia tarehe, anayapeleka kwenye friji, na mtoto hawezi kuyanywa. Hakuna aliyemwambia aache. Tulihama wodi nikamwacha pale na sijui iliishaje, na sina ujasiri wa kuuliza.

Ukiniuliza kama nina hasira na wale madokta wa mwanzo, ninayo, lakini imebadilika sura. Wa minyoo hakuwa mjinga, minyoo ipo. Wa UTI vilevile. Kila mmoja aliona siku moja, mimi ndo nilikuwa na siku zote na nilizibeba kwenye bahasha bila mpangilio, kila nikifika naanza upya, anaumwa tumbo dokta. Yule wa kudeka ndo bado sijamsamehe, kwa sababu yeye hakuuliza hata swali moja. Na ningekuwa na nafasi ya kurudi nyuma ningeuliza mimi, dokta kuna uwezekano ni kitu cha kuzaliwa nacho, utumbo wake umekaa sawa? Hiyo sentensi moja. Haina matusi na haimfundishi mtu kazi yake.

Sasa ana mwaka na nusu tangu operesheni. Miezi minne ya kwanza aliongezeka kilo tatu, suruali zote zikawa fupi kwa mkupuo. Kovu lake analionesha watu bila kuombwa, kwa shilingi hakuna, bure kabisa, na anawaambia utumbo wangu umepangwa tofauti na wako. Karatasi ya operesheni nimeipiga picha iko kwenye simu yangu, ya baba yake na kwa mwalimu wake, imeandikwa malrotesheni, Ladd, hana kidole tumbo. Maana tuliambiwa makovu ya ndani yanaweza kugandisha utumbo hata baada ya miaka, na kwamba kujinyonga tena ni nadra lakini sio haiwezekani. Akitapika kijani tena hatupitii duka la dawa, tunakwenda.

Mwezi uliopita saa nane usiku nikasikia anatapika. Sikumbuki nilivyofika chumbani. Nimewasha tochi ya simu, mkono unatetemeka mpaka mwanga unacheza ukutani, natafuta beseni, na yeye kakaa kitandani amelikumbatia lile jeupe, ameinamia ndani anachungulia, kabla sijasema kitu akaniambia, "Mama ni maziwa tu, nimeshaangalia."